Grupu la zabibu limejaa, tunahamaje?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi ni admini wa grupu la WhatsApp la wakulima wa zabibu huku Hombolo, tumefika watu 1,024 halipokei mtu tena na wapya kila siku wanaomba kuungwa. Tunataka kwenda Telegram ila wazee wamegoma, eti meseji zote za dawa za ukungu zitapotea. Tufanyeje?
Admini, Dodoma

JIBU: Admini hongera kwanza, wenzio wanatafuta watu. Telegram grupu moja linabeba hadi 200,000, na hizo meseji hazipotei bana: fungua grupu jipya, rudi WhatsApp, kwenye menyu ya grupu gusa pale pa kuhamisha chati, chagua Telegram, itakuuliza uzimwage wapi. Halafu kwenye setingi ruhusu wapya waone historia, maana grupu la faragha huwa linawafichia. Ila waulize watu kwanza, kuna waliotuma picha za familia humo.

La zamani usilifute! Liache admini tu ndo waandike, bandika juu kabisa linki ya grupu la Telegram, na bei za zabibu ziwe zinatoka kule kule tu, utaona wanavyohama wenyewe.

Wazee sasa, hao usiwatumie maelezo, kaa nao siku ya kikao cha ushirika na vijana wawili watatu wawawekee kwenye simu. Na uliza vizuri, kuna mtu hajagoma ila bando lake ni la WhatsApp tu.