DNA ikijikunja fundo, seli hupitaje?

SWALI: Nasoma baiolojia, mwaka wa 2. Mhadhiri alitaja kwamba DNA wakati mwingine hujikunja na kuwa fundo lenye pande nne. Seli inapoinakili, haikwami hapo?

JIBU: Hukwama, ndugu yangu, na kukwama kwenyewe nimekuona maabara. Chukua uzi mmoja wa DNA wenye guanini nyingi (ile herufi G kati ya herufi nne za DNA), mfano TTAGGG inayojirudia kwenye ncha za kromosomu zetu. Ugawe katika vichupa viwili: kimoja tia chumvi ya potasiamu, kingine ya lithi, kisha weka polimeresi, kimeng'enya kinachonakili DNA, ifanye kazi yake. Ukipitisha nakala kwenye jeli, inayozitenganisha kwa urefu, zile za lithi zimefika mwisho. Za potasiamu zimerundikana kama mstari mzito uliokatikia njiani, palepale guanini zinapoanzia. Guanini nne hushikana kuwa kama sahani, sahani hupandana, na ioni ya potasiamu hukaa kati yake ikizibana. Lithi haiwezi kazi hiyo. Na seli imejaa potasiamu!

Kwa hiyo seli hujihami mapema. Nyuzi mbili zikishafunguliwa, protini ya RPA huufunika uzi ulio wazi usipate nafasi ya kujikunja. Fundo likitokea hata hivyo, huja helikesi, yaani vimeng'enya vya kufungua DNA, kama FANCJ, BLM na Pif1, ambazo hutembea juu ya uzi na kulifumua. Likigoma, kimeng'enya PrimPol huanzisha unakili upya mbele ya fundo, pengo likabaki nyuma lijazwe baadaye. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi: seli haikubali kusimamisha kazi nzima kwa ajili ya fundo moja.

Wasaidizi hao wakikosekana, hasara huonekana. Mwaka 2002 watafiti walichunguza mnyoo mdogo C. elegans asiye na DOG-1, ndugu wa FANCJ yetu. Vipande vya DNA yake vilikuwa vinapotea, vikianzia kwenye guanini zilizofuatana. Kwa binadamu, mtu akirithi nakala mbili mbovu za jeni ya FANCJ hupata anemia ya Fanconi, ugonjwa ambao uboho hushindwa kutengeneza damu ya kutosha. Lakini usiandike kwenye mtihani kwamba mafundo haya ndiyo chanzo cha ugonjwa huo. FANCJ husaidia pia kurekebisha DNA ambayo nyuzi zake mbili zimegandishwa pamoja na kemikali, na ugonjwa huo unahusishwa hasa na kasoro hiyo.