Tafuta neno kierowca kabla ya kutoa hata shilingi

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa hapa Salgaa alinijia nyumbani na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Anaendesha trela ya kontena, Mombasa hadi Malaba, na utingo wake alikuwa amemsubiri nje. "Mzee, Poland imeiva," akaniambia kabla hata hajaketi. Ajenti alikuwa amempa karatasi mbili za kibali cha kazi ya huko na kumtaka alete elfu themanini kabla ya mwisho wa mwezi. Sikumuuliza habari ya pesa. Nilimwambia aifungue bahasha, tutafute neno moja.

Neno lenyewe ni kierowca. Kwa Kipolandi ndiye dereva.

Mimi nami nilikuwa dereva wa trela nikaifuata kazi ya Poland, na karatasi yangu ya kwanza haikuwa nalo. Pale penye kazi palikuwa pameandikwa magazynier, na nilipouliza, jamaa wa ile ofisi ya ghorofani mjini Nakuru alinijibu bila kupepesa macho kwamba hivyo ndivyo wanavyomwita dereva wa trela kubwa. Nilikuwa nimeshamlipa laki moja na nusu, na mtu akishalipa huwa anataka kuamini. Siku chache baadaye nimekwama kwenye foleni ya Malaba, injini nimezima, nikaona nitumie muda huo kuliandika neno lile kwenye simu, herufi moja moja. Mfanyakazi wa ghala. Nilishuka nikazunguka lori mara mbili kama mtu anayekagua magurudumu. Mwezi uliofuata nilipoenda kudai changu, chumba kile kilikuwa kinyozi.

Neno moja lina uzito huo kwa sababu kibali cha kazi cha Poland, kile ambacho wengi wetu hupewa, hakiombwi na dereva. Kinaombwa na mwajiri, na kinatolewa na mkuu wa mkoa wa huko, wanayemwita wojewoda. Ndani yake mna jina lako, jina la kampuni, kazi utakayofanya, mshahara usiopungua kiasi fulani cha złoty, pesa ya huko, na tarehe ya mwisho, ambayo haivuki miaka mitatu. Ukishika usukani wakati karatasi inasema ghala, au ukahamia kampuni nyingine kwa sababu rafiki kakwambia wanalipa vizuri, huna kibali. Kwa hiyo mtu akikwambia ana vibali vitano vimebaki na vinaisha upesi, ujue anakuuzia upepo. Muulize kampuni inaitwaje. Itafute wewe mwenyewe, piga simu ya ofisini kwao wala si namba aliyokupa yeye, na ulinganishe mshahara ulio kwenye kibali na ule wa mkataba. Mimi nilipojaribu mara ya pili nilikuta tofauti, wakarekebisha kabla sijasaini.

Ajenti naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Orodha yao iko kwenye tovuti, unaisoma bure. Fremu ya cheti ukutani si orodha.

Sasa, kibali pekee hakikuweki barabarani. Leseni yetu ya NTSA, mamlaka ya usafiri, ina daraja la CE, na Ulaya trela nayo ni C+E, basi vijana wanaona herufi zimefanana wanadhani mambo yamekwisha. Huko dereva wa mizigo anatakiwa kuwa na sifa inayoitwa msimbo 95 (code 95): mafunzo ya saa 280, au 140 kwa njia fupi, halafu saa 35 kila baada ya miaka mitano. Mimi nimepanda na kushuka mlima wa Sachangwan na tani 28 mgongoni, nikakalishwa darasani kufundishwa kufunga mzigo. Nilinuna wiki nzima. Wiki ya pili nikagundua kwamba mikanda nilikuwa naifunga kwa mazoea tu. Jambo la kuuliza mapema, na upewe jibu kwa maandishi, ni nani analipia mafunzo hayo na kama utakatwa kwenye mshahara. Kwangu walikata.

Kuna karatasi nyingine ambayo maajenti hawaitaji kabisa: cheti cha dereva. Raia wa nje ya Umoja wa Ulaya akivusha mzigo kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa gari la kampuni ya Ulaya, lazima cheti hicho halisi kiwe ndani ya gari, na kampuni ibaki na nakala iliyothibitishwa. Kinaombwa na kampuni, na ni mali ya kampuni. Siku ukiondoka unakirudisha. Nikikwambia makaratasi mengi ya safari hii si yako, ndiyo maana yangu.

Viza ndiyo yako. Ya taifa, aina ya D, inakuruhusu kukaa Poland, lakini katika nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, ni siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Dereva wa mzigo wa Ujerumani na Ufaransa anazimaliza haraka kuliko anavyodhani. Mimi nilikuwa na daftari dogo la mraba, kila nikivuka naandika tarehe. Wenzangu walinicheka, ila waliponiuliza siku zao zimebaki ngapi sikuwa na la kuwajibu.

Na usiende ukidhani ni zile mbio za huku. Ukiendesha saa nne na nusu unapumzika dakika 45, na kwa siku ni saa tisa, mara mbili kwa wiki ndiyo unaruhusiwa kumi. Takografu, kifaa kilichofungwa ndani ya lori, inarekodi kila kitu. Mwezi wa kwanza nilikuwa naegesha saa nane mchana nikiona aibu, kama mtu aliyetoroka kazini.

Turudi nyumbani, maana ndiko wengi hukwama. Leseni yangu ilikuwa na majina mawili, kitambulisho matatu, na cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimepoteza herufi moja kwa karani wa miaka hiyo. Rekebisha hayo kabla ya kugusa pasipoti. Ukianzia na pasipoti kosa linahamia kwenye kibali, na kampuni inalazimika kuanza upya. Pasipoti siku hizi unaweza kwenda Kisumu au hapa Nakuru, si lazima Nairobi.

Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, unalipia Sh1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya serikali. Ile fomu ya alama za vidole, C24, ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Ukienda na karatasi mbili Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, utarudishwa kwa mtu wa saiba, na foleni unaianza upya. Kisha unachukuliwa alama za vidole. Miaka kumi na minne ya kamba, turubai na dizeli ilikuwa imenilainisha ncha za vidole zikawa kama kijiko. Yule dada alinipaka wino, akabana, akatazama, akabana tena. "Baba, hapa hakuna kitu," akaniambia. Nilikaa siku kumi bila kushika kamba, nikijipaka mafuta ya mgando asubuhi na usiku, ndipo mistari ikarudi.

Kijana alipofungua bahasha yake neno lilikuwepo, kierowca, ukurasa wa kwanza. Jina la kampuni tulilitafuta pamoja, likapatikana, na ajenti yuko kwenye orodha. Nilimwambia hata hivyo asilipe kabla hajaona mkataba. Jana saa nne asubuhi akanipigia kutoka Huduma, nasikia watu wakiitwa namba nyuma yake.

"Mzee, vidole vimekataa. Ulisema ni mafuta gani?"