Italia usiulize chakula cha Kiitaliano, uliza cha mji ulioko

Swali la wiki hii lilikuwa msafiri akifika Italia ajaribu chakula gani cha kienyeji, na naona wengi wamejibu piza wakamaliza. Mi ni mtu wa Malindi, Waitaliano tumekua nao, piza na spageti nilizijua kabla sijaijua Nairobi, kwa hivyo nilipoenda kumtembelea dadangu kule Bergamo (anatunza wazee, kazi ya wenzetu wengi huko) nilidhani menyu yao yote naijua. Wapi.

Aibu ya kwanza niliipata Bologna. Nimekaa zangu, nikaagiza spageti bolonyeze kwa kujiamini kabisa, mhudumu akaniambia polepole kama anaongea na mgonjwa, hiyo hapa hatuna. Kumbe kwao ule mchuzi wa nyama ya kusaga, ragù, unaliwa na tagliatelle, tambi bapa za mayai, na hawataki mchezo manake mwaka 1972 walienda chemba ya biashara ya mji wakaandikisha hadi upana wake, milimita 8 ikishaiva, alafu 1982 wakapeleka na resipe ya ragù yenyewe. Nilicheka nikidhani ni madoido tu mpaka nilipokula. Spageti ni duara na inateleza, nyama yote inabaki chini ya sahani unaikimbiza na kijiko, lakini ile bapa ina ukwaruzo kidogo, inanyanyua mchuzi wote inakuja nao mdomoni. Ndugu zangu Waislamu hapo muwe macho, ragù ya asili inatiwa pancetta ambayo ni nguruwe, na tortellini, tambi ndogo za kujazwa za huko huko Bologna, zina nguruwe pia, uliza kabla hujaagiza.

Sasa jibu langu ni hili, kule usitafute chakula cha Italia, tafuta cha mji ulioko siku hiyo. Nchi yenyewe imeungana juzi tu, 1861, kabla ya hapo kila upande ulikuwa na mtawala wake na jiko lake, na mpaka leo mikoa iko 20 na kila mmoja unaona mwenzake hajui kupika. Kuagiza pesto, ule mchuzi wa majani wa Genoa kaskazini, ukiwa Palermo kule kusini ni kama kuenda Kisumu ukaagiza mahamri na mbaazi, utapewa, lakini samaki ameshakupita.

Huko kaskazini kwa dadangu chao ni polenta, na hii Mkenya yeyote akiiona atasema ni ugali wa njano, na ni kweli, ni unga wa mahindi na maji na chumvi. Nilimtazama bibi mmoja akiipika kwenye sufuria ya shaba, unga anaunyunyiza kwa mkono kama mvua ya rasharasha, alafu akaanza kukoroga na mwiko, akakoroga, akakoroga, dakika 40 na ushee! Mi kwetu ugali ningekuwa nimeshakula na kunawa. Mwisho akaumwaga juu ya ubao, ukatulia, akaukata kwa uzi, si kisu. Ukitaka ulio bora uliza polenta taragna, unatiwa unga mwingine wa buckwheat na jibini mpaka unavutika. Watu wa kusini huwatania wa kaskazini kwa kuwaita polentoni, yaani walaji wa polenta, lakini hapo nyuma haikuwa utani, karne ya 18 na 19 maskini wa huko walikula polenta tupu bila kitoweo mpaka pellagra, ugonjwa wa kukosa vitamini, ukawamaliza.

Florence je? Wote wanakimbilia ile nyama kubwa ya kuchoma, nzuri ndio, lakini inauzwa kwa kilo na bili itakutoa jasho. We tafuta kibanda cha lampredotto. Mi nilivutwa na harufu, nikasema hii si matumbo? Ni matumbo haswa, tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa na nyanya, kitunguu na majani. Jamaa anadunga kipande kwa uma, anakikatakata pale pale kwenye ubao, anatia chumvi na pilipili manga, alafu ule upande wa juu wa mkate anauchovya kwenye supu kabla ya kufunika. Mwambie akuwekee sosi ya kijani na pilipili. Watalii walikuwa wanakunja pua, mi niliomba wa pili. Mkate wa huko lakini hauna chumvi kabisa, usidhani mwokaji amesahau, ndivyo wanavyoupenda watu wa Toscana, mkoa wa Florence, mi sikuuzoea mpaka naondoka.

Bari, kule kusini, pitia mji wa kale tu, wamama wamekaa milangoni wanatengeneza orecchiette, tambi ndogo zenye umbo la sikio, kwa kidole gumba na kisu, zikiliwa na mboga chungu ya cime di rapa utakumbuka mchicha wa porini.

Ukipata nauli ya kisiwa cha Sicily ndio utajiona uko pwani. Palermo kuna panelle, unga wa dengu umekaangwa umetiwa kwenye mkate, bhajia kabisa hiyo. Trapani wana cuscus, si mbali na Tunisia kwa bahari, ngano wanaifikicha kwa mkono kwenye bakuli kubwa la udongo, wanaipika kwa mvuke, mwanya wa vyungu viwili wameuziba na kinyunga cha unga ili mvuke usitoroke, alafu wanaimwagia mchuzi wa samaki na kuifunika ilale. San Vito Lo Capo pale karibu wana tamasha lake kila Septemba tangu 1998. Hapo na Mwislamu anakula bila wasiwasi, ila divai kwenye mchuzi aulizie.

Kitu kingine kidogo, kwenye bili utaona coperto, yuro mbili tatu kwa kila kichwa, si wizi, ni ada ya meza, mi niligombana bure.

Narudi, nikambebea mamangu kilo moja ya unga wa polenta. Akausonga dakika kumi, akamega, akatafuna kidogo akanitazama, akasema huu haujasagwa vizuri, kesho upeleke poshomil.