Aqua kuipunguza uzito: nilitoa kilo 46, nikapata nini?

Yakhe, umeuliza kama ukitoe kiti cha nyuma, mpira wa spea na mikeka kwenye Toyota Aqua yako huko Chake, Pemba, kwa kuwa umesikia gari ya haibridi (yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja) ikiwa nyepesi mafuta huyanusa tu. Mie hayo yote nishayafanya, hapa Unguja, kwenye Aqua ya 2013. Nakujibu kwa niliyoyapima, na mengine kwa niliyoyalipia.

Kwanza nilivyopima, maana hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Ile namba ya kwenye dashibodi siiamini. Yangu hunisifia kuliko ninavyostahiki. Nilikuwa najaza tangi sheli moja, pampu ile ile, ikikata mara ya kwanza basi, simwachii kijana aongeze ya kuitimiza hesabu. Kisha nagawa kilomita kwa lita. Kila nikibadilisha kitu natembea tangi 3 kabla sijasema neno, na njia ni zile zile: Fuoni, mjini, uwanja wa ndege, safari za Paje na Nungwi na wageni. Kabla sijagusa chochote nilikuwa napata kilomita 18.6 kwa lita. (Japani ilipotoka mwisho wa 2011 walitangaza 35.4. Hiyo ni ya maabara, usijitie presha kwa ajili yake.)

Ijumaa moja baada ya sala nikafungua buti. Dumu la maji la lita 10. Sanduku la spana. Nazi 9 nilizopewa shamba sijui mwezi gani, moja ishaanza kuota. Mpira wa spea, jeki na vyuma vyake, mikeka. Jirani yangu anauza mchele, ana mizani kubwa ya kupimia magunia, tukapandisha kimoja kimoja. Spea peke yake kilo 12. Vyote pamoja kilo 46. Mtu mmoja aliyekuja kununua mchele akaniuliza nazi nauzaje.

Tangi 3 baadaye: 18.8.

Ndiyo, sifuri pointi mbili tu. Wala sikushangaa sana, kwa sababu wakala wa mazingira wa Marekani huwaambia madereva wao kitu hicho hicho: kila kilo 45 za ziada hula kama asilimia 1 ya mafuta. Mie kwa mwezi natembea kama kilomita 1,500. Fanya hesabu mwenyewe, haifiki lita moja. Kila ZURA, wadhibiti wa mafuta hapa Zanzibar, wakitangaza bei mpya lita moja ina uzito wake, sikatai, lakini si ya kuivunjia gari.

Sababu yake ni hii. Aqua yenyewe ni kama kilo 1,080 hata hujakaa ndani. Uzito unakugharimu pahala pawili: unapoondoka na kuongeza mwendo, na pale mipira inapokandamiza lami. Upepo unaokukabili mbele hauulizi gari ina kilo ngapi. Sasa kwenye gari ya kawaida, nguvu yote uliyotumia kuondokea unaichoma kwenye breki ukifika njia panda. Haibridi ukiinua mguu, mota inageuka dainamo, sehemu ya ile nguvu inarudi kwenye betri. Kwa hivyo uzito unaohangaika kuupunguza, gari ishaanza kukurejeshea thamani yake kidogo kidogo. Mwenye Noah ya petroli ana haki ya kuhangaika na kilo kuliko mie na wewe.

Wewe wa Pemba lakini una hoja ambayo mie sina. Unguja hapa ni tambarare, ukitoka mjini mpaka Nungwi hupandi kitu. Huko kwenu Mkoani mpaka Chake ni kupanda na kushuka, na kila kilo unailipia mlimani. Ila vilima vyenu ni vifupi, na betri ya Aqua, ingawa ni ndogo, inaweza kupokea mteremko wa namna hiyo bila kujaa. Cha kufanya ni kuinua mguu mapema na kugusa breki kidogo kwa muda mrefu. Ukija kwa kasi ukakanyaga chini kabisa, kazi kubwa wanaifanya breki pedi na unachopata ni kidogo. Hili litakufaa kuliko kutoa mikeka.

Sasa niliyoyalipia.

Spea niliiacha nyumbani, uvunguni, na jeki pembeni yake. Wiki ya tatu natoka Paje na wageni wawili, ndege yao saa 3 usiku. Kabla ya Jozani, pale kima punju wanapovuka, nikasikia gari inavuta kushoto. Msumari. Magharibi ishaingia, msitu pande zote, mgeni mmoja anapiga picha kima na mwengine anatazama saa. Hata ningelipata spea ya kuazima nisingeweza kuinyanyua gari. Nikampigia mwenzangu aliyekuwa Jambiani, akaja akawachukua, na nauli yote ikawa yake, kwa haki. Mie nikabaki na kijana wa bodaboda aliyerudi Kitogani kunitafutia jeki. Nauli ya safari moja ya uwanja wa ndege ni mafuta mangapi? Na hizo kilo 12 peke yake, kwa hesabu ile ile, hazifikishi hata robo ya lita kwa mwezi. Spea ilirudi buti usiku ule ule. Tazama na yako: Aqua nyingi zilitoka Japani bila spea, zina chupa ya gundi na pampu ndogo tu, na gundi ile ina tarehe yake ya mwisho. Kama ndivyo, wewe ni wa kuongeza uzito, si kupunguza.

Kiti cha nyuma ndiyo usikiguse kabisa. Masika, wageni wachache, nikatoa kile cha kukalia nikawa nampakilia mjomba magunia ya makumbi ya nazi. Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti hicho, na inapozwa na feni inayovuta hewa ya humu humu ndani ya gari, kwenye tundu lililo chini ya kiti, ubavuni. Baada ya wiki kadhaa feni ikaanza kulia kama mbu sikioni. Baadaye ikawaka taa nyekundu ya pembetatu. Fundi akavaa glavu zake, akachomoa plagi ya usalama, akangoja, ndipo akafungua (zile nyaya za rangi ya chungwa si za kuchezea, zina umeme wa kuua). Feni ilikuwa na nyuzi za makumbi na mchanga umeshikana mpaka ukadhani paka kalala mle. Betri ikipata joto, gari inaipumzisha, injini inafanya kazi zaidi, na mafuta yanapanda. Yaani nilitoa kiti ili nipunguze mafuta nikaishia kuyaongeza, na juu yake pesa ya fundi.

Vilivyonisaidia ni viwili, na vyote havikuwemo kwenye swali lako. Nilikuwa na keria juu, ya chuma, niliyoitengenezesha kwa ajili ya mbao za wageni wa kaiti, wale wanaoteleza baharini wakivutwa na tiara. Uzito wake haukunishughulisha, lakini ule upepo! Ukipita 70 ilikuwa inapiga mluzi. Nilipoitoa nikapanda mpaka 19.8. Siku hizi naifunga nikipata mgeni mwenye mbao tu.

Cha pili upepo wa mipira. Yote minne ilikuwa psi 24, 25 hivi. Kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva kimeandikwa kwa kilopaskali (kPa), changu kinasema 230, ambayo ni kama psi 33 kwenye geji zetu. Jaza asubuhi gari ikiwa baridi, ukitoka safarini geji inakudanganya. Nikafika 20.4, kwa bei ya bure.

Wale wanaosema tembea na tangi nusu: tangi lote ni lita 36, ukibeba nusu umepunguza kama kilo 13. Siku sheli zikikauka utajua ulichookoa. Na ringi kubwa za mapambo usitie, nyingi ni nzito kuliko zilizokuja na gari.

Kwa hivyo toa dumu, toa nazi, acha viti. Spea na jeki zangu zimo. Ukipima tangi 3 kwa vilima vya huko nitupie namba hapa, kwa sababu hilo la mlimani mie sina pa kulijaribia.