Usiuze pikipiki ili urekodi: yaliyonikuta nikiwa nachana Dar

Mdogo wangu wa Kahama, umeuliza kama uuze bodaboda yako upate hela ya kurekodi nyimbo sita na video moja, halafu uhamie Dar. Nimepitia majibu ya wadau, wengi wanakwambia kaza, komaa, utatoka kimuziki. Mimi nasema usiuze. Na sisemi hivyo kwa kuichukia rap. Nimechana miaka saba, nikarekodi ngoma nne, moja ikapigwa redioni kama miezi miwili hivi. Sikutoka. Ngoja nikueleze nilikwamia wapi.

Kwetu Morogoro, mji kasoro bahari. Mwaka 2004 mchanaji Afande Sele, mtu wa kwetu kabisa, alipochukua taji la Mfalme wa Rhymes, shindano la rap, mtaani kila mwenye daftari akawa msanii. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. 2007 nikashuka stendi ya Ubungo, Dar, na begi moja na madaftari mawili ya mistari, nikafikia kwa mjomba Tandika. Mjomba akanipa wiki mbili. "Zikiisha uniambie umepata kazi gani, na usiniambie muziki." Nikaingia kwenye daladala, konda deiwaka, wa kibarua cha siku, Tandika–Kariakoo.

Nilidunduliza miezi minne kupata elfu themanini ya studio. Studio yenyewe chumba cha uani: ukutani trei za mayai na vipande vya godoro, mbele ya maiki soksi ya kike imevutwa juu ya waya wa henga. Feni marufuku, maana maiki inaidaka. Nikapewa saa mbili. Ubeti niliokuwa naumwaga maskani bila kukwama, mbele ya ile soksi nilikata pumzi mstari wa sita. Tukarudia, nikakata palepale. Mara ya tano prodyuza akavua hedifoni, akaomba daftari, akasoma kimya. "Dogo, huyu uliyemwandikia hapumui?"

Nilikasirika, lakini alikuwa kaona. Nilikuwa nimejaza silabi kila upenyo nikidhani ndiyo ukali. Tangu siku hiyo naandika kwa kalamu mbili, ya bluu kwa maneno, nyekundu kwa kamkwaju kadogo pale ninapovuta hewa. Mazoezi nikayahamishia mlangoni mwa gari. Konda anayeita "Kariakoo, Kariakoo hiyo!" kwa koo tupu, saa sita mchana sauti imekwisha. Anayeita kwa tumbo anafika saa mbili usiku na bado anagombana na abiria kuhusu chenji. Wewe una pikipiki, una barabara ndefu na hakuna anayekusikia ndani ya helmeti. Chana huko.

Vina navyo. Kiswahili kinadekeza. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo dogo anaandika "mtaani, kazini, sokoni, rohoni" anadhani ametunga, kumbe ile "-ni" ndiyo imemfanyia kazi yote. Mwalimu wangu wa Kiswahili alitupigisha mashairi ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho, nami nikawa nalala. Nilipoanza kurekodi ndipo nikamkumbuka. Kwenye shairi silabi ya mwisho ikifanana inatosha. Juu ya biti, yaani mdundo, haitoshi, kwa sababu sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mdundo nao unapiga hapohapo. "Nauli" na "kauli" zinapigana mabega. "Nauli" na "mwili" zinasalimiana kwa mbali. Chukua verse zako sita, futa kila kina kinachoishi kwa "-ni" tupu, uone zinabaki ngapi. Mimi zilibaki mbili.

Hiyo ndiyo kazi, na haina gharama. Gharama zilianza baadaye.

Kompyuta ya yule prodyuza iliungua na ngoma zangu mbili zikaondoka nayo. Nilichobaki nacho ni MP3 moja ambayo haijamiksiwa. Kwa hiyo ukirekodi popote, nenda na flashi yako, uondoke na sauti yako peke yake na biti peke yake, siku hiyohiyo. Usiambiwe "njoo kesho".

Ngoma ya tatu nikaichoma kwenye CD ishirini, nikaandika jina na namba ya simu kwa maka peni ya kijani, nikaanza kuzunguka kwenye mageti ya redio. Geti moja mlinzi alikuwa na boksi la karatasi za fotokopi, limejaa CD za watu. Niliirudia ofisi ile mara tatu, na mara zote tatu maandishi yangu ya kijani yalikuwa yananichungulia kutoka kwenye boksi lilelile. Kituo kingine mtangazaji aliomba ya soda. Soda yenyewe elfu hamsini. Nikatoa. Ngoma ikapigwa mara moja, saa tisa usiku. Tulioisikia ni mimi na mlinzi wa gereji tulipolaza gari.

Sasa njoo kwenye pikipiki yako. Ngoma ya nne ndiyo ile iliyopigwa. Watu wawili watatu wakaanza kuniita jina la kisanii kituoni, nami nikavimba kichwa, nikaacha daladala ili "nijikite". Miezi mitatu baadaye nina deni la chumba na la mama ntilie. Akatokea meneja. Alilipa kodi ya miezi sita, akaninunulia viatu, akaleta karatasi moja tu, ukurasa mmoja. Kuna mstari ulisema kazi zote, zilizopo na zitakazokuja, ni zake. Niliusoma, usidhani sikuusoma. Nikaona kodi, nikaona ubwabwa, nikasaini.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda, wimbo ni wako tangu umeutunga, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unasajili ili uwe na ushahidi. Lakini nilipokwenda kuuliza, jibu lilikuwa fupi: saini hii ni ya nani? Ni yangu. Ile ngoma sikuwahi kuona shilingi yake. Ningekuwa bado konda, karatasi ile ningemrudishia meneja, ningemwambia gari linaondoka.

Kuna kitu kimoja kilinichekesha. Mchanaji Sugu aliposhinda ubunge Mbeya Mjini 2010, mjomba akaniuliza kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya heshima, "Hivi ule muziki wako unaendeleaje?" Ndiyo kwanza nilikuwa nimesaini ile karatasi ya meneja. Mchanaji mwingine, Professor Jay, anachukua ubunge wa Mikumi 2015, mkoani kwetu, mimi nimeshaacha muziki mwaka mmoja nyuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Baki Kahama na pikipiki yako. Rekodi demo kwa simu ndani ya kabati la nguo, kanga na makoti yanakata mwangwi kuliko trei za mayai. Biti za bure za YouTube zitumie kwa mazoezi tu, maana nyingi ni bure mpaka utakapotaka kuuza, soma masharti yaliyoandikwa chini yake. Ukipata mistari ambayo waendesha boda wenzako kijiweni wanairudia bila wewe kuwaambia, rekodi moja, si sita. Ya moja utailipa kwa mapato ya boda ya wiki chache. Iweke mwenyewe Audiomack, jukwaa la muziki mtandaoni, kwa akaunti yenye jina lako na namba yako, si ya "mshikaji". Dar ipo, haiendi popote, na basi la kutoka Kahama lipo kila siku.

Kuhusu video nitakujibu usiku. Siku hizi nakodisha spika na maiki hapa Moro, na kuna kipaimara Kihonda, wananipigia simu sijafunga hata waya mmoja.