Kompyuta ya mkononi ikikataa kuwaka, ipe mdomo kwanza

Kwa siku tisa mfululizo nilikuwa nachomoa kadi ya SD kwenye kompyuta yangu ya mkononi, ile ndogo ya kushika kiganjani, naiandika upya, nairudisha, nabonyeza kitufe cha kuwasha, kisha natazama kioo cheusi. Pembeni palikuwa na kitaa cha kijani kinachowaka, basi. Mfumo ule wa Linux nilikuwa nimeujenga mwenyewe kwa Buildroot, zana ya kujengea Linux ndogo: kerneli, yaani kiini cha mfumo, niliyoipunguza kwa mkono wangu na programu zile tu nilizozihitaji. Kila jioni nilibadilisha kitu. Leo mipangilio ya kerneli, kesho toleo la U-Boot, ile programu inayopakia kerneli, kesho kutwa faili linaloelezea vifaa vya ubao. Siku ya kumi nikafungua kifuniko cha nyuma, nikaunganisha nyaya tatu nyembamba, na mistari ikaanza kumiminika kwenye kompyuta yangu kubwa. Mstari wa mwisho ulikuwa unaomba jina la mtumiaji. Mashine ilikuwa inawaka hadi mwisho, imekaa pale inanisubiri. Kilichokuwa hakiwaki ni taa ya nyuma ya kioo tu.

Siku tisa zote zile nilikuwa napiga ramli. Ndiyo maana namsihi kila anayejenga Linux yake ya mkononi: usiguse mpangilio wowote kabla mashine haijapata mahali pa kusemea. Kompyuta ya mezani ikigoma, unaazima kioo kingine, unachomeka kibodi, unajua. Hii ya mkononi ina kioo kimoja, na draiva ya kioo hicho, yaani programu inayokiendesha, ni miongoni mwa vitu vinavyochelewa kuamka. Kukitazama ili ujue kama mfumo umewaka ni sawa na kumuuliza aliyelala kama wageni wamefika.

Mdomo wenyewe ni mlango wa UART, ambao mashine hutumia kutuma maandishi kupitia waya. Bao nyingi za saketi zina vidoti vitatu vya shaba vilivyoandikwa TX (kusema), RX (kusikia) na GND (ardhi), mara nyingine chini ya betri au chini ya stika. Unahitaji adapta ya USB kwenda UART. Kabla ya kuunganisha chochote, chukua multimita, kipimo cha umeme. Weka ncha moja kwenye GND na nyingine kwenye TX huku mashine imewashwa: TX isiposema kitu hukaa juu, kwa hiyo volti utakayoisoma ndiyo volti ya mlango wenyewe. Bao nyingi ni volti 3.3, zipo za 1.8, na adapta ya volti 5 inaweza kuunguza chipu moja kwa moja. TX ya ubao inakwenda RX ya adapta, RX kwa TX, GND kwa GND. Waya wa nne, ule wa umeme, uache. Mashine ina betri yake.

Kisha kwenye kompyuta kubwa andika `picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0`, programu ya kusikilizia mlango huo, na uwashe mashine. Kasi ya 115200 ndiyo ya kawaida, ila chipu nyingi za Rockchip huzungumza kwa 1500000, na siyo kila adapta inafika huko, kwa hiyo angalia yako inaishia wapi kabla hujaununua ugomvi. Ukiona herufi za ajabu ajabu, usikate tamaa hata kidogo, hiyo ni habari njema: mashine inasema, wewe umekosea kasi tu. Kimya kabisa maana yake kwa kawaida umegeuza TX na RX, au umeshika vidoti visivyo vyenyewe.

Kuna kimya kimoja kinachowasumbua watu wengi. U-Boot inaongea vizuri, inaandika `Starting kernel ...`, halafu hakuna tena. Wengi wanahitimisha kwamba kerneli imekufa. Huenda imekufa kweli, lakini huenda inaongea kwenye mlango mwingine, kwa sababu hukuiambia isemee wapi. Neno `console=ttyS0,115200` kwenye mstari wa amri za kerneli lazima litaje mlango sahihi, na jina hubadilika kutoka chipu hadi chipu: ttyS0, ttyS2, ttyAMA0, ttymxc0. Ongeza na neno `earlycon`. Likiwekwa vizuri, kerneli inaanza kusema mapema sana, kabla draiva zake za kawaida hazijaamka, na hapo utajua kama una maiti au una bubu.

Mashine ikishaanza kusema, swali linakuwa moja: imefika wapi? ROM ya chipu, programu iliyomo ndani yake tangu kiwandani, inaita U-Boot, U-Boot inapakia kerneli na maelezo ya vifaa, kerneli inafungua mfumo wa mafaili, halafu inaita init, programu ya kwanza ya mfumo. Kila hatua ina makosa yake, na kosa la hatua ya tatu haliponi kwa kubadilisha hatua ya kwanza. Mimi nilibadilisha U-Boot mara tatu kwa ajili ya tatizo ambalo U-Boot haikulijua kabisa.

Nataka nikae kidogo kwenye kosa moja, kwa sababu watu wanaliogopa na kumbe ndilo linalosema waziwazi kuliko mengine:

`VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Soma zile namba mbili za mwisho. Ya kwanza ni aina ya kifaa, ya pili ni kifaa gani katika aina hiyo. Ikiwa ni (0,0), kerneli haikukiona kabisa kifaa ulichoitajia. Labda draiva ya kadi haimo, labda neno `root=`, linalotaja mfumo wa mafaili uko wapi, limekosewa au halipo, labda kadi imechelewa kujitokeza na kerneli haikuwa na subira. Kwa hiyo ya mwisho dawa ni neno `rootwait`. Lakini fahamu kwamba ukiliweka na kadi isionekane kabisa, kosa lile litatoweka na badala yake mashine itasubiri milele. Ukiona imeganda kwenye `Waiting for root device`, hiyo ni shida ileile iliyovaa nguo nyingine.

Sasa namba zikiwa (179,2), habari ni tofauti kabisa. 179 ni namba ya vifaa vya MMC, yaani kadi za SD na eMMC, hifadhi iliyomo ndani ya mashine. Kerneli imeiona kadi, imeiona na sehemu ya pili ya kadi hiyo, ila haijui kuisoma. Mara nyingi aliyejenga ameiacha ext4, aina ya mfumo wa mafaili, kama moduli (kipande cha kerneli kinachopakiwa baadaye) badala ya kuijenga ndani ya kerneli. Moduli inakaa kwenye mfumo wa mafaili uleule unaotakiwa kufunguliwa. Ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku. Kama hutumii initramfs, mfumo mdogo wa muda unaopakiwa pamoja na kerneli, ext4 na draiva ya MMC lazima ziwe ndani ya kerneli.

Mimi (0,0) niliipata baadaye, baada ya kupandisha toleo la kerneli, wakati sikuwa nimegusa kadi hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba eMMC ya ndani ilianza kuhesabiwa kwanza, kadi yangu ikawa mmcblk1 badala ya mmcblk0, na eMMC yenyewe ilikuwa tupu. Tangu siku hiyo siandiki tena `root=/dev/mmcblk0p2`. Naandika `root=PARTUUID=` na namba ya sehemu yenyewe, ambayo haibadiliki hata majina yakipishana. Usichanganye na UUID ya mfumo wa mafaili. UUID hiyo kerneli peke yake haiitambui bila initramfs, na nimeona watu wakipoteza siku nzima hapo.

Nirudi kwenye taa ya kioo, maana ndiyo ilinifundisha kusoma makosa yanayoishia na namba. Kwanza nilizima taa ya chumba nikamulika kioo kwa tochi kwa upande. Herufi zilikuwepo! Hafifu, kijivu juu ya kijivu, lakini zipo. Jaribio hili linafaa kwenye vioo vya LCD, na linakata mzizi wa fitina: ukiona herufi, draiva ya kioo ni nzima na tatizo ni mwanga. Halafu nikapitia `dmesg`, logi ya maneno ya kerneli, na kuangalia `/sys/class/backlight`, saraka ya taa za kioo. Saraka ilikuwa tupu. Mwisho nikafungua `/sys/kernel/debug/devices_deferred`, na ndani yake mlikuwa na mstari mmoja: backlight, yaani taa ya nyuma ya kioo.

Faili lile huorodhesha vifaa ambavyo draiva zake zimesema "subiri kidogo, ninayemtegemea hajaamka". Kwenye logi huonekana kama -517. Watu wakiiona wanashtuka, lakini yenyewe ni ahadi ya kujaribu tena, na kwenye mashine nzima utaikuta mara kadhaa kila inapowaka. Inakuwa tatizo pale anayesubiriwa hatakuja kamwe. Taa yangu ilikuwa inasubiri PWM, ile saketi inayopunguza na kuongeza mwanga, na draiva ya PWM mimi mwenyewe nilikuwa nimeiondoa nilipokuwa napunguza kerneli. Nikairudisha, nikajenga upya, kioo kikawaka.

Namba nyingine mbili utazikuta mara kwa mara. -110 ni muda umekwisha: kifaa kimeitwa hakikujibu, basi shuku umeme wake au waya zake. -2 ni faili halipo, na hutokea sana kwenye Wi-Fi, logi ikisema `Direct firmware load`, yaani kupakia faili la programu ya ndani ya kifaa, imeshindwa. Hapa pana mtego mmoja. Unakwenda `/lib/firmware`, faili unalikuta limekaa, jina sahihi, herufi kwa herufi. Sababu ni kwamba draiva imejengwa ndani ya kerneli, ikaamka na kuliomba faili kabla mfumo wa mafaili haujafunguliwa. Igeuze draiva iwe moduli, au liingize faili ndani ya kerneli kwa `CONFIG_EXTRA_FIRMWARE`.

Sasa jambo ambalo natamani mtu angeniambia mapema kuliko yote. Kabla hujaufuta mfumo uliokuja na mashine, uhoji. Uwashe, ingia kwenye terminali, na uhifadhi `dmesg` yote, `/proc/cmdline`, orodha ya moduli kwa `lsmod`, `/proc/config.gz` kama ipo, na saraka nzima ya `/lib/firmware`. Halafu toa maelezo ya vifaa kama yanavyotumika wakati huo:

`dtc -I fs -O dts /sys/firmware/devicetree/base > asili.dts`

Faili hilo ndilo litakalokuambia pini ipi inawasha kioo, ipi inaweka upya chipu ya mguso, na kila kifaa kinapata umeme kutoka wapi. Tangu takriban mwaka 2011 kerneli ya ARM ilianza kuhamishia habari hizi kwenye mafaili ya namna hii. Zamani, enzi za mashine kama Sharp Zaurus, zilikuwa zimeandikwa ndani ya msimbo wa kerneli wenyewe. Kwa hiyo ukikuta mwongozo wa zamani unaokuambia uhariri faili la ubao kwa lugha ya C, jua umeandikiwa dunia nyingine. Na ukishaufuta mfumo wa asili bila kunakili, kujua tu pini ya kioo kunaweza kukuchukua wiki.

Kuhusu umeme na kadi, nina kanuni moja ninayoiamini. Mashine ikifia mahali palepale kila mara, tafuta kwenye programu. Ikifia leo hapa, kesho pale, weka programu pembeni kwanza. Jaza betri kabisa, badilisha waya wa chaji, punguza mwanga wa kioo, zima Wi-Fi uone. Wi-Fi inapoanza kurusha hunyonya umeme kwa mkupuo, na betri iliyochoka hushusha volti mpaka mashine inajizima. Kadi nayo ipime kwa `f3write` na `f3read`, maana kadi bandia hudanganya ukubwa wake na huanza kuharibu mafaili pale tu nafasi ya kweli inapokwisha.

Kulala na kuamka ni somo refu, nitagusa tu. Mashine ikilala isiamke, jenga kerneli yenye majaribio ya usingizi, andika `devices` kwenye `/sys/power/pm_test`, kisha `mem` kwenye `/sys/power/state`. Itajifanya inalala hadi hatua hiyo, itasubiri sekunde 5, irudi. Anza na `freezer`, panda hatua kwa hatua, na pale itakaposhindwa kurudi ndipo penye mkosaji. Weka na `no_console_suspend` ili UART isinyamaze njiani.

Hakikisha pia logi hazipotei. Kwenye mifumo midogo `/var/log` mara nyingi inakaa kwenye RAM, ukizima zimekwenda. Ukiweza, washa ramoops: inatenga kipande cha RAM kinachobaki na maneno ya mwisho ya kerneli, na mashine ikijiwasha upya bila kukatiwa umeme utayakuta `/sys/fs/pstore`.

Na ukifika mahali pa kuomba msaada, tuma logi nzima kuanzia herufi ya kwanza ya U-Boot, siyo picha ya mistari mitano ya mwisho. Kosa linaloua huonekana mwisho, lakini chanzo chake mara nyingi kiko mistari mia mbili juu, kwenye onyo dogo ambalo wewe hukuliona la maana. Eleza pia ulibadilisha nini kati ya mara ya mwisho ilipowaka na sasa. Mimi siku hizi nina kadi mbili: moja ina mfumo unaowaka na siigusi, nyingine ndiyo ya majaribio, na kila ninachojenga nakihifadhi kwenye git, programu inayotunza kila toleo, pamoja na logi yake.

Zile nyaya tatu sikuzitoa tena. Nilitoboa tundu dogo pembeni ya kifuniko cha betri zipite, ncha nikazifunga kila moja kwa utepe wake wa nailoni zisigusane, na adapta inakaa kwenye mfuko uleule ninaobebea mashine.