Mji mdogo kando ya Kampala: mpango wa uchumi uanzie kwenye ardhi

Miji ya Wakiso, wilaya ya Uganda inayopakana na Kampala, kama Kyengera, Kajjansi na Kasangati imekua ikifuata barabara kuu za kuingia Kampala. Mpango wa uchumi wa mji wa aina hii usianze na orodha ya miradi, uanze na ardhi. Viwanja vikishakatwa vibaya, hakuna bajeti ya halmashauri ya mji itakayovinyoosha.

Chukua eka moja. Ina futi za mraba 43,560. Muuzaji hukata viwanja 8 vya futi hamsini kwa mia, safu mbili zinazotazamana, vinne kila upande. Njia inabakiwa na upana usiofika futi 18, kama mita 5.4. Ukiweka mfereji, lori la taka haliwezi kupishana na gari jingine. Usipouweka, mvua inapita uani kwa watu. Sasa punguza urefu wa kila kiwanja kwa futi 5 tu, kiwe 50 kwa 95. Njia inafika karibu futi 28, mita 8.5: magari mawili yanapishana, mfereji unapita, nguzo za umeme zinapata pa kusimama. Na viwanja bado ni 8.

Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kuuza, kamati ya mipango ikae na wenye mailo (wamiliki wa ardhi wenye hati ya kudumu), wapima ardhi na madalali. Wenye vibanja, yaani wanaokaa na kulima kwenye ardhi hiyo ya mailo bila hati yake, waitwe pia, maana Sheria ya Ardhi ya 1998 inawalinda. Mji ukichelewa ukataka kupanua njia baadaye, Katiba inadai fidia ilipwe kwanza ndipo ardhi ichukuliwe, na halmashauri ndogo haina pesa hizo.

Soko ni jambo la pili, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wakazi wa miji hii hutoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo shilingi yao huishia pale wanaposhukia teksi. Hesabuni wapita njia kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, siku ya kazi na Jumamosi, kabla ya kuchagua eneo. Soko likijengwa mbali na steji hiyo ya teksi kwa sababu tu kiwanja kilipatikana bure, wachuuzi watarudi barabarani, na kuwafukuza hakutasaidia. Meza chache zenye paa, taa, maji na choo karibu na steji zina faida kuliko jengo kubwa lililo tupu.

Kwa mapato, daftari la majengo ndiyo kazi ya kwanza. Andikeni kila jengo: matumizi yake, idadi ya vyumba, anayekaa ni mwenyewe au mpangaji. Nyumba anamoishi mwenyewe haitozwi kodi ya majengo, lakini za kupangisha na za biashara hutozwa. Bila daftari, wakusanyaji hugombana na wasiodaiwa huku wenye mabloku ya vyumba vya kupanga wakipita bila kulipa.

Mpango wa serikali wa PDM (Parish Development Model) unaleta shilingi milioni 100 kwa kila parishi, ambayo mjini huitwa kata, kwa mwaka, na kaya hukopa hadi milioni moja kupitia SACCO, chama cha akiba na mikopo. Tatizo la mijini ni wote kufuga kuku wa nyama kwa wakati mmoja: wanakomaa pamoja, wanauzwa pamoja, bei inaanguka. Vikundi vipishanishe vifaranga kwa wiki mbili mbili, na wengine wachague uyoga au mayai.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti hupitishwa kabla ya mwisho wa Mei. Mapendekezo ya kata yafike kwa karani wa mji yakiwa na gharama mwezi Septemba, kabla ya mkutano wa bajeti. Kila mradi uwe na fungu la matengenezo. La kuzibua makalvati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) liwekwe robo ya kwanza na ya tatu, ili kazi iishe kabla mvua za Septemba na Machi hazijaanza.